SOMO LA WIKI: Waya upi kati ya kompyuta na kigeuzi cha sauti?

Mteja anaingia dukani na laptopu yake akitaka sauti nzuri. Mwenye duka anamuuzia kigeuzi cha sauti, kile kiboksi ambacho wauzaji wengi hukiita DAC. Kwa kuwa faida ya kigeuzi chenyewe ni ndogo, anamwongezea waya wa bei kubwa uliofungashwa vizuri. Baada ya siku tatu mteja anarudi. Spika zinavuma, na kwa maoni yake kigeuzi ni kibovu. Mwenye duka anakijaribu kwenye kompyuta yake na kinafanya kazi barabara. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: arudishe fedha au asirudishe?

Wafanyabiashara wa Kariakoo na wale wa barabara ya Luthuli mjini Nairobi watatambua hali hii. Itawahusu pia wawekezaji wadogo wanaofungua studio za kurekodia, kumbi za harusi au vibanda vya video, ambao hununua vifaa vya aina hii kwa akiba zao na hawana nafasi ya kununua mara mbili. Mara nyingi kigeuzi ni kizima na waya ni mzima. Kilichokosewa ni njia iliyochaguliwa kuunganisha viwili hivyo.

Kompyuta huhifadhi muziki kwa tarakimu. Katika diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Spika haiwezi kusoma tarakimu, inahitaji umeme unaopanda na kushuka. Kazi ya kigeuzi ni kuzigeuza tarakimu hizo kuwa umeme wa aina hiyo. Kila kompyuta ina kigeuzi chake ndani, lakini huwa kimebanwa katikati ya vifaa vingine vyenye kelele za umeme, na hiyo ndiyo sababu watu hununua cha nje.

Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kigeuzi cha nje, njia zinazopatikana madukani ni tatu. Ya kwanza ni USB. Ya pili ni waya wa koaksia wenye pini moja ya duara, ile inayofanana na pini za kaseti na deki za zamani. Ya tatu ni waya wa mwanga, ambao Toshiba waliuleta mwaka 1983 na ambao hadi leo wengi huuita Toslink. Iko pia njia ya nne, AES/EBU, yenye pini kubwa kama ya maikrofoni, iliyotangazwa mwaka 1985 kwa ajili ya studio na vituo vya redio. Hiyo hupitisha sauti mbali zaidi, lakini kompyuta za kawaida hazina tundu lake. Kama hujengi studio ya redio unaweza kuisahau.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba tarakimu ni zilezile kwa njia zote. Moja ni moja na sifuri ni sifuri, iwe imepita kwenye shaba au kwenye mwanga. Muuzaji anayesema waya fulani wa USB "unaongeza besi" au "unalainisha sauti ya juu" anauza maneno. Waya mbovu wa USB hauwezi kupunguza besi peke yake. Tarakimu zikiharibika njiani sauti hukatika, hugonga kama kokoto, au hupotea kabisa. Katika upitishaji wa sauti kwa USB, pakiti iliyoharibika haitumwi tena, kwa hiyo kasoro husikika waziwazi. Kama huisikii, tarakimu zimefika.

Tofauti ziko katika mambo mengine matatu: wingi wa tarakimu ambazo njia inaweza kubeba, nani anashika saa, na umeme gani wa ziada unaingia pamoja na muziki. Hili la mwisho ndilo linalorudisha wateja wengi dukani, nalo tutalichukua kwa kirefu.

NANI ANASHIKA SAA

Kigeuzi lazima kitoe kila kipimo kwa wakati wake hasa. Ndani ya kompyuta kuna kipande cha fuwele kinachopiga kama saa, na ndani ya kigeuzi kuna kingine. Hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni. Kwa muziki wa CD hiyo ni tofauti ya vipimo viwili na kidogo kila sekunde, na kwa saa moja ni karibu vipimo 8,000. Ni kama pipa la maji lenye bomba la kujazia na bomba la kutolea. Bomba moja likizidi jingine hata kwa tone, mwishowe pipa litafurika au litakauka.

Koaksia na mwanga hutatua tatizo hili kwa kumfanya mpokeaji kuwa mtumwa. Mapigo ya saa huja ndani ya mawimbi yenyewe pamoja na tarakimu, na kigeuzi hulazimika kuyachambua na kuyafuata. Saa ya kompyuta ikiyumba, kigeuzi hakina budi kuyumba nayo, isipokuwa kiwe na sakiti nzuri ya kutuliza mapigo hayo. Vigeuzi vizuri vya leo vina sakiti hiyo. Vya bei ya chini vya zamani havikuwa nayo, au ilikuwa dhaifu.

USB hutegemea kigeuzi chenyewe kilivyoundwa. Vya kizazi cha kwanza vingi vilifuata mwendo wa kompyuta. Baadaye ukaenea mtindo unaoitwa asinkronasi, ambamo kigeuzi kinashika saa yake na kuiambia kompyuta mara kwa mara: ongeza kidogo, punguza kidogo. Yaani mwenye bomba la kutolea ndiye anayemwamuru mwenye bomba la kujazia. Fuwele inayohusika inakaa sentimita chache tu kutoka kwenye kigeuzi, na kuyumba kwa saa ya kompyuta hakuna nafasi tena ya kuharibu kitu. Kwa hiyo neno la kutafuta kwenye boksi la kigeuzi cha USB ni hilo, asinkronasi. Lina uzito kuliko dhahabu iliyopakwa kwenye pini.

WINGI WA TARAKIMU

Hapa wanunuzi wengi hudanganywa na namba kubwa, basi tupige hesabu. USB ya kwanza ilitangazwa mwaka 1996, na kasi yake ya juu ilikuwa biti milioni 12 kwa sekunde. Hata hivyo sauti haipewi kasi hiyo yote. Kikomo ni baiti 1,023 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, yaani biti 8,184,000 kwa sekunde. Muziki wa biti 24 unaopimwa mara 96,000 kwa sekunde unahitaji biti 4,608,000, nao unapita. Ukipimwa mara 192,000 unahitaji biti 9,216,000, na hapo haupiti. Ndiyo maana vigeuzi vingi vya kanuni ya zamani huishia 96.

USB 2.0 ilikuja mwaka 2000 ikiwa na kasi ya biti milioni 480, na kanuni mpya ya sauti ikafuata mwaka 2006. Kwa kanuni hiyo 192 inapita bila shida. Lakini hapa pana mtego kwa mwenye kuuza mitumba ya kompyuta. Kompyuta za Apple zilianza kuitambua kanuni hiyo mnamo 2010, bali Windows haikuitambua yenyewe hadi toleo la Windows 10 la mwaka 2017. Mteja mwenye Windows 7 akinunua kigeuzi cha kanuni mpya, kompyuta itakitazama kama mgeni asiye na jina mpaka apate draiva kutoka kwa mtengenezaji. Kama mtengenezaji hana tovuti inayoeleweka, na vigeuzi vingi vya bei ya chini havina, basi bidhaa hiyo kwa mteja huyo ni jiwe. Muulize mteja ana Windows ipi kabla hujapokea fedha yake.

Waya wa mwanga una kikomo chake pia. Kwa 96 hautakusumbua. Kwa 192 baadhi ya vifaa vinakubali na baadhi vinakataa, na waya mrefu au uliokunjwa sana huzidisha kukataa. Koaksia huwa salama zaidi kwa 192. Pamoja na hayo, muziki mwingi anaousikiliza mteja wa kawaida, iwe wa CD au wa mtandaoni, uko ndani ya uwezo wa njia zote tatu. Namba za 192 na zaidi zisimfanye mtu aongeze fedha kama hana faili za namna hiyo.

MVUMO

Sasa turudi kwa yule mteja na spika zake zinazovuma.

Waya wa USB hubeba tarakimu na hubeba pia umeme wa volti 5 na waya wa ethi. Koaksia haibebi volti 5, lakini nayo imefungwa ethi ya kompyuta kwa ethi ya kigeuzi. Laptopu ikiwa kwenye chaja, na amplifaya ikiwa kwenye soketi nyingine ya ukuta, ethi hizo mbili huweza kuwa na tofauti ndogo ya umeme. Tofauti hiyo hutafuta njia ya kupita, na njia inayoipata ni waya wako wa sauti. Umeme wetu wa ukutani hupiga mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kinachosikika ni mvumo mzito, wakati mwingine ukichanganyika na mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza mausi. Hakuna tarakimu hata moja iliyoharibika. Kelele imeingia baada ya tarakimu kugeuzwa, kupitia mlango wa nyuma.

Hii ndiyo sababu kigeuzi kilinyamaza dukani na kikavuma nyumbani. Dukani kila kitu kilikuwa kwenye ekstensheni moja.

Kipimo chake hakina gharama. Chomoa chaja, uiache laptopu itumie betri. Mvumo ukikoma, tatizo ni ethi, na kigeuzi hakina kosa. Mvumo ukibaki, chomoa waya wa USB wenyewe. Ukiendelea hata hapo, basi uko kwenye amplifaya au kwenye waya unaokwenda kwenye amplifaya. Muuzaji akimfundisha mteja hatua hizi mbili kwa simu, atakuwa ameokoa nauli ya mtu na heshima ya duka lake.

Dawa ziko kadhaa. Ya bei ndogo ni kuchomeka laptopu, kigeuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Isiposaidia, tumia waya wa mwanga, maana ndani yake hamna shaba. Ni uzi wa plastiki wa unene wa milimita moja, nao hupitisha mwanga mwekundu bila umeme wowote kuvuka. Mvumo unaotokana na ethi hauna pa kupita. Kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani yenye tundu la mwanga nyuma, dawa hii ni ya bei nafuu mno ukilinganisha na waya wa USB wa "daraja la juu" ambao hautatibu chochote.

Tatizo ni kwamba laptopu nyingi hazina tundu hilo. Apple waliliondoa kwenye MacBook Pro ya mwaka 2016. Hapo kuna kifaa kidogo cha kutenganisha umeme wa USB, kinachowekwa katikati. Kichunguze kabla ya kununua: vile vya bei nafuu vingi hupitisha kasi ya biti milioni 12 tu. Kigeuzi cha kanuni mpya kitashuka hadi 96 au kitakataa kutambuliwa kabisa, na mteja atarudi tena, safari hii akiwa na malalamiko mengine.

Kuna dawa moja ambayo mafundi wa mitaani huipenda, nayo ni kukata pini ya ethi kwenye plagi. Kweli mvumo hukoma. Lakini pini hiyo imewekwa ili umeme ukivuja kwenye chuma cha amplifaya fyuzi ikatike badala ya mtu kupigwa. Mwenye ukumbi anayeruhusu jambo hilo, hasa pale ambapo mwimbaji anashika maikrofoni kwa mkono uliolowa jasho, anacheza na maisha ya watu. Muuzaji asikubali kulifanya hata mteja akiomba.

FEDHA IENDE WAPI

Tuchukue mfano wa mtu mwenye shilingi laki tano za Tanzania anayetaka kigeuzi na spika kwa ajili ya chumba cha kurekodia. Muuzaji anampendekezea waya wa USB wa laki moja. Moja ya tano ya mtaji imekwenda kwenye kitu ambacho waya wa kawaida wa printa ungefanya sawasawa, maana vigeuzi vingi vya mezani hutumia tundu lilelile la mraba la printa. Urefu wa USB 2.0 usizidi mita tano, na waya uwe na pini zinazokaa imara. Laki moja hiyo ingeongeza ubora wa spika, na spika ndizo zinazosikika.

Kwa vigeuzi vidogo vyenye tundu la USB-C, angalizo ni tofauti. Sura ya tundu haisemi chochote kuhusu kilicho ndani. Ziko nyaya za kuchajia tu ambazo hazina nyuzi za tarakimu, nazo zimejaa sokoni. Kigeuzi kitawaka taa, kompyuta haitakiona, na lawama itaangukia kigeuzi. Jaribu waya kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Ukihamisha, unafaa, kwani kasi ya USB 2.0 inatosha sana kwa sauti.

Kwa koaksia, kinachotakiwa ni waya wa omu 75. Ule waya wa picha wenye pini za njano uliokuja na deki za DVD umetengenezwa kwa kipimo hichohicho, na kwa umbali wa mita moja au mbili hufanya kazi vizuri. Wako wenye maduka walio na nyaya hizo kwenye maboksi yaliyojaa vumbi, wakidhani hazina soko tena. Nyekundu na nyeupe za sauti huweza kufanya kazi pia kwa bahati, ila usimpe mteja dhamana juu yake.

Waya wa mwanga una kasoro moja ya kuchekesha iliyorudisha bidhaa nzima nyingi: vifuniko vidogo vya plastiki angavu kwenye ncha zake. Mteja asipoviona, huchomeka waya pamoja na kifuniko, au hulazimisha mpaka tundu linavunjika kimlango chake. Vitoe mbele yake. Mwekundu ukionekana kwenye ncha ya pili, kompyuta inatuma. Kama bado kimya, ingia kwenye mpangilio wa sauti wa kompyuta na uhakikishe inatuma PCM, yaani tarakimu za kawaida. Ikiwa imewekwa kutuma Dolby Digital, kigeuzi cha kawaida hakitaielewa, na kinaweza kutoa makelele makubwa yanayoweza kuumiza spika. Anza kwa sauti ya chini.

Marekebisho ya ndani ya kompyuta, ambayo hayauzwi, mara nyingi yana faida kuliko waya wowote. Windows kwa kawaida huchanganya sauti zote na kuzilazimisha ziwe za kipimo kimoja, tuseme 48,000, hata kama muziki ni wa 44,100. Kwenye mpangilio wa sauti mtu anaweza kuchagua kipimo kinacholingana na muziki wake, au kutumia programu ya kuchezea muziki inayoomba kushika kigeuzi peke yake.

Muuzaji anayetaka kuthibitisha kwamba tarakimu zinafika bila kuguswa anaweza kufanya jaribio hili dukani. Chukua risiva ya sinema yenye taa ya Dolby Digital au DTS, uiunganishe kwa koaksia au mwanga, kisha cheza filamu yenye sauti ya aina hiyo huku kompyuta ikiwa imeruhusiwa kuituma kama ilivyo. Sauti hiyo imefungwa kwa namna ambayo tarakimu zikibadilishwa njiani risiva haiwezi kuifungua. Taa ikiwaka, tarakimu zimefika salama. Fanya hivyo kwa waya wa bei ya chini kisha kwa waya wa bei ya juu, mteja akitazama. Taa itawaka mara zote mbili.

Kuhusu akiba ya dukani, USB ndiyo inayoondoka, na waya wa mwanga huondoka kwa sababu ya televisheni kuliko kompyuta, kwa kuwa televisheni nyingi bado zina tundu hilo. Koaksia weka chache. Anayenunua mitumba ya studio aangalie sana vifaa vya FireWire, njia iliyokuwa ikipendwa na wenye studio miaka ya 2000. Vinauzwa kwa bei ya kuvutia na vingi bado ni vizima. Apple, walioieneza, walimaliza kuuza kompyuta ya mwisho yenye tundu lake mwaka 2016, na draiva za vifaa vingi hazikuandikwa tena kwa mifumo mipya. Vinunue tu kama unavyo, au mteja wako anacho, kompyuta ya zamani inayovikubali, na uviwashe pamoja kabla ya kulipa.